Ukingo wa Fundi Kaza

Jumatatu, saa ambayo Fundi Kaza alikuwa anahesabu vitanzi vya mgongo wa sweta na hataki kusemeshwa na mtu, wifi yake aliingia, akavuta kigoda, akatoa kwenye mkoba sindano mbili za kufumia na donge dogo la uzi mwekundu, akasema, "Wifi, nimekuja kukufundisha kitu."

Hesabu ikapotea palepale.

Sasa tuelewane kidogo kabla ya kwenda mbele. Fundi Kaza alishika sindano akiwa na miaka tisa, na sasa alikuwa anakaribia hamsini. Chumba chake cha kazi kilikuwa na dirisha la barabarani, rafu tatu za uzi, meza yenye mguu mmoja mfupi uliowekewa kipande cha ubao, na wateja waliotoka mbali. Jina la Kaza walimpa wao. Sweta lake ungelifua miaka mitano, mtoto akaliacha mdogo wake akalivaa, na ukingo wa mikono ungebaki umebana kama siku ya kwanza. Hakulitafuta jina hilo, lakini mtu akimwita hivyo mbele za watu hakukasirika. Na wifi yake, mke wa mdogo wake, alikuwa mpiga pasi kwa dobi. Mpaka juzijuzi hakujua hata sindano ya kufumia inashikwa upande gani. Huyo ndiye aliyekuja kumfundisha.

"Kitu gani?" aliuliza Kaza, bila kuweka kazi yake chini.

"Kuanzisha ukingo. Kuna namna nyingine, ukingo unavutika."

"Wangu una ubaya gani?"

"Sikusema una ubaya, wifi. Wewe ni fundi, nani asiyejua? Mji mzima unajua."

Kaza alimtazama kwa jicho la pembeni. Mtu akikuvisha kilemba cha ukoka asubuhi, ujue mchana ana haja. Na wifi huyu hakuwa mtu wa kusifu. Mwaka mzima uliopita walikuwa wakisalimiana kama makarani wa ofisi mbili, habari, nzuri, za huko, nzuri, basi.

Chanzo kilikuwa mama. Mama yake Kaza alianguka bafuni mwaka mmoja na nusu nyuma, na kwa kuwa Kaza alikuwa akilala juu, ngazi ishirini na mbili kutoka chini, mama alikwenda kukaa kwa mwanawe wa kiume. Mwana huyo ni dereva wa lori, siku tano yuko njiani, siku mbili yuko nyumbani. Kwa hiyo mama alikuwa mikononi mwa mke wa mwana. Tangu hapo Kaza alikuwa amemfumia mama masweta manne, la kijivu, la buluu, la kijani na la kahawia, uzi mzuri, vifungo vya kuchagua kimoja kimoja. Na kila Jumapili alipokwenda kumtazama, alimkuta amekaa kwenye kiti kando ya dirisha, amejifunika blanketi hadi kidevuni, bila sweta. Msimu wa baridi, na bila sweta!

"Mama, lile la kijani liko wapi?"

"Limefuliwa, mwanangu."

"Na la buluu?"

"Halijakauka."

"Mwezi mzima halijakauka? Hilo ni sweta au godoro?"

Mama alicheka, akatazamana na mkwe wake, kisha mkwe akatazama dirisha. Kaza hakuwa mtoto. Watu wawili wakitazamana namna ile, kuna jambo, na mmoja wao akiwa mzee asiyeweza kusimama bila kushikwa, basi jambo lenyewe si zuri. Alianza kuamini kwamba wifi anayauza masweta. Siku moja alimfuata mwanamke asiyemjua mitaa mitatu kwa sababu ya sweta la kijani, na alipomfikia akakuta ni la kiwandani, ikabidi ajifanye anauliza njia. Hata hivyo hakukata tamaa. Alikuwa ameshasafisha stoo iliyo nyuma ya chumba chake cha kazi, palepale chini bila ngazi, akaweka kitanda, zulia na taa. Alichokosa ni ushahidi tu. Siku atakapoupata, mama atahama, na mtu asimwambie lolote.

Kwa hiyo wifi alipoketi na donge lake jekundu, Kaza alimwacha aseme. Mwizi naye huachwa aongee.

"Unaanza na uzi wa kutupa," alisema wifi.

"Wa kutupa."

"Ndiyo, huu mwekundu. Rangi yoyote isiyofanana na ya sweta, uione. Halafu unatandika vitanzi nusu ya unavyovitaka. Kama mkono wa sweta unataka vitanzi arobaini na nane, unaanza na ishirini na nne."

"Nusu?"

"Nusu. Unafuma mistari minne, unauacha mwekundu, unaingia na uzi wako wa kweli. Hapo ukifuma kitanzi kimoja, unazungusha uzi juu ya sindano mara moja. Kimoja, unazungusha. Kimoja, unazungusha. Kila kimoja kinapata mwenzake, unafika arobaini na nane."

"Mazingaombwe hayo."

"Subiri. Mistari minne inayofuata, kimoja unakifuma, kinachofuata unakihamisha tu, hukifumi, uzi unapita mbele yake. Ukigeuza kazi, kile ulichokihamisha ndicho unachokifuma sasa. Unapata kitambaa cha mbele na cha nyuma, katikati pako wazi kama mrija. Baada ya hapo unafuma mbavu zako kama kawaida, kimoja kimeinuka, kimoja kimezama. Ukishafika urefu wa vidole viwili, unachukua mkasi, unakata uzi mwekundu, unauvuta, unatoka wote."

Kaza aliweka sindano zake chini, kwa mara ya kwanza tangu mgeni aingie.

"Unakata."

"Unakata."

"Mkasi. Kwenye sweta."

"Kwenye uzi wa kutupa, wifi."

"Na sweta halifumuki?"

"Halifumuki."

Wifi alitoa kipande alichokifuma mwenyewe, kidogo, kinatosha mdomo wa kikombe. Mkono wake ulikuwa bado wa mwanafunzi, vitanzi vingine vinene, vingine vyembamba. Lakini ukingo! Alipouvuta, ulifunguka mara mbili ya upana wake, na alipouachia ukarudi mahali pake taratibu. Kaza alikichukua, akakipeleka dirishani, akautafuta ule mstari wa kuanzia ambao kila sweta duniani linao. Haukuwepo. Mbavu zilipinda tu juu ya ukingo zikashuka upande wa pili, huwezi kujua fundi alianzia wapi. Alihisi wivu, na wivu wa fundi unauma kweli, haswa ukitoka kwa mpiga pasi.

"Nani kakufundisha?"

"Simu. Kuna mama mmoja anaonyesha kwenye video. Nimerudia wiki tatu, kila nikitoka kazini."

"Wiki tatu! Wewe, na pasi zako, na mama, na nyumba. Kwa nini?"

Wifi alikunja mkoba wake, akaufunga zipu, akaifungua tena. "Nimependa tu," alisema. Kisha, akiwa mlangoni, akaongeza kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo, "Sweta lijalo la mama, jaribu ukingo huo."

Akaondoka, akamwacha Kaza amesimama katikati ya chumba. Nimependa tu! Mtu hapendi tu. Mtu hachukui wiki tatu za maisha yake kupenda tu. Na kwa nini sweta la mama, si la mteja, si la mtoto wa shule? Kaza alilichambua neno hilo huku akitembea kati ya rafu na meza, na alipofika safari ya nne jibu likamjia, akapiga kofi la ushindi. Ukingo unaobana unamkaa mwenyewe aliyepimwa. Ukingo unaovutika unamtosha kila mtu. Kumbe! Mwizi amechoka kuuza masweta yanayowabana wanunuzi, sasa anakuja kumfundisha fundi afume yatakayouzika. Anampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mchana kweupe, ndani ya chumba chake mwenyewe.

Ungedhani basi asingejaribu. Lakini fundi ni fundi. Kesho yake, alfajiri, kabla hajafungua dirisha, Kaza alichukua uzi wa njano usio na kazi na donge jekundu aliloliacha wifi, akakaa. Alikumbuka kila hatua, maana kichwa chake hakikuwa na kasoro, kasoro ilikuwa mahali pengine. Alipofika kwenye hesabu akasimama. Nusu? Hapana. Hapo ndipo mtego ulipo. Anataka mkono uje mwembamba kama soksi ya mtoto mchanga, wateja wacheke, na jina lote alilolijenga liende na maji. Kaza hakuzaliwa jana. Akatandika vitanzi vyote arobaini na nane, akatabasamu peke yake, akaendelea.

Kimoja, akazungusha. Kimoja, akazungusha. Akafuma, akahamisha, akafuma, akahamisha. Saa mbili na nusu alikuwa na kitu mkononi ambacho hakuwahi kukifuma maishani. Vitanzi tisini na sita. Alijaribu kukipitisha kwenye mkono, kikapita kiganja, kikapita kiwiko, kikafika begani kikaning'inia. Akajaribu kwenye paja, kikaenea. Mteja wa kwanza, mwalimu mmoja mwenye miwani, alichungulia dirishani akamkuta fundi amevaa ukingo wa sweta pajani.

"Ni la nini hilo, fundi?"

"La ng'ombe," alisema Kaza, akalivua kwa hasira.

Alifumua lote. Safari ya pili aliapa kuanza na nusu, kwa shingo upande, akitegemea kabisa kuona udanganyifu. Ukatoka vilevile kama wa wifi, na kwa kuwa mkono wake ni mkono wa miaka arobaini, ukatoka mzuri zaidi. Hilo nalo likamtia shaka. Mbona ni kweli? Mwongo akikwambia kweli, ujue anaitumia kupitisha uongo mkubwa zaidi. Uzi mwekundu aliuacha palepale, hakuukata. Alishika mkasi mara mbili, akauweka chini mara mbili. Yeye Kaza kukata kazi yake kwa maneno ya mpiga pasi? Akakitupa kipande ndani ya droo, akarudi kwenye sweta la mama, la tano, rangi ya maziwa, aliloanza mwezi uliopita kwa ukingo wake wa siku zote, akalimaliza kwa fujo siku mbili.

Alhamisi alifunga dirisha mapema. Alijua wifi, akishamlisha mama chakula cha mchana, huenda tena kwa dobi saa nane, na kuanzia saa nane mpaka saa kumi mama huwa peke yake, jirani wa ukuta wa pili akimchungulia. Aliingia kwa ufunguo aliopewa zamani na mdogo wake. Mama alikuwa kitini, amejifunika blanketi kama kawaida, macho yamefumba. Kaza hakumwamsha. Alikwenda moja kwa moja kwenye kabati la chumba cha mama, akafungua mlango wa kwanza, mashuka, wa pili, magauni, na chini kabisa, nyuma ya viatu, akakuta mfuko wa plastiki umefungwa fundo.

Yalikuwemo matatu. La kijivu, la buluu, la kahawia. Moyo ulimdunda kwa furaha mbaya, maana hayakuuzwa, lakini alipolikunjua la buluu furaha ikageuka. Mikono ilikuwa imekatwa. Imekatwa kwa mkasi, kutoka ukingoni kwenda juu, urefu wa kidole, kushoto na kulia, na mahali palipokatwa pameshonwashonwa kwa uzi wa cherehani. Ushonaji haukusaidia kitu, vitanzi vilikuwa vimeanza kukimbia juu kuelekea kwenye kiwiko. La kijivu vilevile. La kahawia vilevile. Kazi yake ya miezi, imechanwa kama gazeti la kufungia.

"Nani huyo?" mama aliita kutoka sebuleni.

"Mimi, mama." Kaza alitoka na sweta la buluu mkononi. "Hili nini?"

Mama alilitazama, kisha akaitazama sakafu. Mikono yake ilisogea chini ya blanketi, ikazama zaidi. "Lirudishe ulikolitoa."

"Nani kakata?"

"Lirudishe, nimesema. Umekuja kunisalimia au umekuja kupekua?"

Hofu. Kaza aliiona wazi kabisa, mama yake anaogopa. Basi haukuwa wizi, ilikuwa chuki. Wifi anachana nguo za mama mkwe wake kwa mkasi na mzee wa watu hawezi hata kusema. Halafu anakuja kwa binti wa mzee huyohuyo kumfundisha kukata! Huko ndiko kuuma na kupuliza. Kaza aliyarudisha la kahawia na la kijivu, la buluu akalitia kwenye mkoba wake, na kabla hajafika kona ya barabara alikuwa ameshampigia simu mdogo wake.

"Mkeo anamtesa mama," alisema. "Nilidhani anauza masweta, kumbe ni vibaya kuliko kuuza. Ninao ushahidi. Jumamosi uwepo."

"Dada, tuliza roho..."

"Jumamosi," alisema Kaza, akakata.

Jumamosi alikuta wote wako sebuleni. Kaka mtu alikuwa ametoka kuoga, nywele zimelowa, kikombe cha chai kipo mbele yake na hakijaguswa. Wifi alikuwa anapiga pasi shati la mumewe juu ya meza iliyotandikwa shuka, na hakuinua macho. Mama alikuwa kitini na blanketi lake. Kaza hakuketi. Alitoa sweta la buluu, akalitandaza kwenye meza juu ya shati lenyewe, mikono yote miwili imenyooshwa, iliyochanwa ionekane.

"Haya. Nani kakata?"

Wifi aliisimamisha pasi. "Mimi."

"Mke wangu!" alisema kaka mtu.

"Nimekata mimi. Na mengine pia. La kijani lilifumuka lote, nikalitupa."

"Kwa nini?"

Wifi alimtazama mama, mara moja tu, kisha akatazama dirisha kama kawaida yake. Macho yalikuwa yamejaa machozi lakini hayakuanguka.

"Mnaona?" Kaza aligeuka huku na huku kama wakili. "Hana neno. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakukosea. Mimi sina maneno mengi. Chumba nimetayarisha, kitanda kipo, mama anahama leo. Teksi iko nje. Na sweta jipya hili hapa, avae twende." Akatoa lile la rangi ya maziwa, limekunjwa vizuri, bado lina harufu ya uzi mpya.

Pasi ilitoa mvuke kidogo. Ndipo mama akakohoa.

"Sawa," alisema. "Nivishe."

"Mama," alisema wifi haraka.

"Wewe nyamaza, umenyamaza vya kutosha. Fundi, njoo. Si unataka kunichukua? Nivishe twende."

Mama alilisukuma blanketi kwa viwiko, likaanguka, akainyoosha mikono yake mbele. Kaza alikuwa hajaiona mikono hiyo muda gani? Alijaribu kukumbuka na hakuweza. Kila Jumapili ilikuwa chini ya blanketi. Vidole vilikuwa vimepinda upande mmoja, na kwenye kila kifundo pamevimba, panang'aa, mikono yote miwili kama mizizi ya tangawizi. Baridi yabisi alijua mama anayo. Nani mzee asiyekuwa nayo? Alijua kama mtu anavyojua habari za jirani.

Alilikunjua sweta, akaukusanya mkono wa kulia, akaupeleka kwenye vidole vya mama. Vidole vikaingia. Ukingo ukafika kwenye mafundo ukasimama. Kaza akauvuta kidogo. Mama akafumba macho, na kitu kikamtoka kooni, si neno wala si kilio, kama mlango unaofunguliwa kwa nguvu.

Kaza akaacha.

"Vuta," alisema mama, macho bado yamefumba. "Mwenzio huvuta. Asubuhi kuvaa, jioni kuvua. Alikuwa anavuta huku analia yeye. Siku moja nikamwambia leta mkasi, kata. Akakataa wiki nzima. Nikamwambia kama hukati sivai, nitakufa na baridi. Akakata. Nikamwapisha asikwambie. Ukija tunavua, tunaficha, najifunika. Na sasa siku nyingi siyavai kabisa, yanazidi kufumuka."

"Mama, kwa nini? Ungeniambia tu!" Kaza alisikia sauti yake imekuwa ya mtoto.

"Ningekwambiaje? Nani alikufundisha kukaza?"

Kaza alikumbuka baraza la nyuma, yeye ana miaka tisa, mama amekaa juu ya baraza na yeye chini, sindano ikimgonga kwenye vidole kila alipolegeza uzi. Kaza. Kaza, mtoto wewe. Ukingo uliolegea ni kazi ya mvivu.

"Nilikupiga vidole hivyo mpaka ukajua," alisema mama. "Wateja wakakupa na jina. Nikae hapa leo nikwambie mwanangu ulichonifumia kinaniumiza, na ni mimi niliyekufundisha? Huyu akasema atajifunza namna nyingine, atakufundisha, wewe utaifuma tu bila kuambiwa kitu, na mimi nitavaa. Kwani tulikosea wapi? Tulidhani ukionyeshwa kitu kizuri utakichukua."

Aibu ilimshika Kaza kuanzia miguuni. Ilimshika mpaka akataka kukaa, na hapakuwa na kiti karibu, akabaki amesimama na sweta la rangi ya maziwa limening'inia kwenye vidole vya mama yake. Alilitoa polepole. Ilichukua muda kulitoa. Hata kulitoa kuliuma.

"Dada," alisema kaka mtu, kwa upole, "mama anahama au hahami? Teksi inangoja."

Kaza alifungua mdomo. Mama akamtangulia.

"Mimi mikono sina. Nakaa na anayejua hivyo." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja saa, na ndiyo maana yaliingia ndani zaidi. Kaka mtu akatoka kwenda kumwambia dereva aende.

Wifi aliliondoa sweta la buluu juu ya shati, akalikunja, akashika pasi yake. Kaza akamkaribia.

"Wifi, nisamehe."

"Ulimwambia mume wangu namtesa."

"Nilisema kwa hasira."

"Hasira haina simu. Mwenye simu ni wewe." Pasi ilikwenda mpaka kwenye kola, ikarudi. "Hata kuuza ulisema. Wiki tatu natoka kazini miguu imevimba, nakaa na sindano, nafumua, naanza upya, kumbe mimi mwizi."

Kaza alilitia sweta la rangi ya maziwa kwenye mkoba. "Kesho asubuhi naomba nije nimvishe mimi."

Wifi hakuinua macho, ila pasi ikasimama. "Saa moja. Ukichelewa nitamvisha mwenyewe, nina kazi. Kwanza unachemsha maji, unamkanda mikono mpaka vidole vilegee, ndipo unavisha. Ukianza na nguo utamuumiza." Akafikiri kidogo. "Na usimwulize kama inauma. Anachukia."

Akaja saa moja kasoro dakika kumi. Akaja na kesho yake. Mwanzoni wifi alisimama mlangoni akimtazama kila alichokifanya, na zamu hii ilikuwa ya wifi kuwa na shaka. Kaza aliukubali mtazamo huo, maana aliustahili. Alikanda, akamvisha la kijivu lililochanwa, akaenda kufungua dirisha lake. Jioni alifuma. Ukingo aliufuma mara nne, si kwa sababu ulikosewa, bali kila alipoumaliza aliuona bado unaweza kuwa mlaini zaidi. Siku ya kuukata uzi mwekundu alimwendea wifi kwa dobi, wakakaa kati ya mashuka ya watu, akampa mkasi. Wifi akamrudishia. "Kata mwenyewe," alisema. Akakata mwenyewe, jasho linamtoka, uzi ukateleza kutoka kitanzi kimoja hadi kingine, ukaisha, na sweta halikufumuka. Wifi akacheka, kicheko kifupi cha puani. Kilikuwa cha kwanza kati yao mwaka ule.

Baada ya wiki tatu, asubuhi, Kaza alimkanda mama mikono kama alivyofundishwa, akaikausha, akalichukua sweta jipya la rangi ya udongo. Mama aliliona ni jipya. Alifumba macho, akauma meno, akanyoosha mkono wa kulia, akabana pumzi.

Kaza akauingiza. Ukingo ukafunguka juu ya mafundo, ukapita, ukafika kwenye kifundo cha mkono, ukatulia. Akauchukua wa kushoto, ukapita. Akafunga vifungo, kimoja kimoja, mpaka cha shingoni. Mama alikuwa bado amefumba macho, mabega yamepanda, anangoja.

"Haya, vuta," alisema, meno bado ameyauma. "Unangoja nini?"

"Nimemaliza, mama."

Mama akafungua jicho moja, kisha la pili. Akaitazama mikono yake ikiwa imetoka nje ya sweta, mizima. Akauleta wa kulia karibu na uso, akaanza kuuzungusha ukingo taratibu kwa kidole gumba kilichopinda, akiupapasa pande zote, uso wake una wasiwasi.

"Umekata wapi?" aliuliza.

"Sijakata."

"Usinidanganye. Umekata wapi?"

Aliuzungusha tena, akitafuta. Wifi, aliyekuwa anajitayarisha kwenda kazini, akaweka mkoba chini, akaja akasimama karibu yao. Walimwacha atafute.